Egzosi ya dizeli yenye turbo: nilikata Prado kabla ya kupima

KupandaMau (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Nimesoma humu kimya miaka mingi, leo nalipa deni.

Gari ni Prado ile ya 95, injini 1KZ-TE, lita 3, dizeli yenye turbo, gia ya mkono. Nakaa Nakuru na wazazi wako upande wa Ahero, kwa hiyo kila mwezi mara mbili hivi naenda na kurudi. Maisha ya gari hili ni Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, Londiani, Kericho, halafu unateremka hadi uwanda wa Kano. Kurudi ndiyo kazi. Ukishaiacha Awasi nyuma, gari linajua linapelekwa wapi.

Mwaka jana likaanza kuchoka. Watu sita ndani, gunia la mchele na kuku wawili nyuma (mama hawezi kukuacha urudi mikono mitupu), nikifika ile miinuko ya karibu na Kericho nashuka gia ya tatu, moshi mweusi nyuma mpaka wa Probox anapiga honi. Kila niliyemuuliza aliniambia kitu kimoja: "Turbo inataka kupumua, weka bomba la inchi 3."

Nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Jina silitaji, na kosa nusu ni langu kwa sababu mimi ndiye niliyesema "inchi 3" kama mtu anayeagiza chai. Alikata bomba kuanzia nyuma ya giaboksi, akaunga la inchi 3, akatoa sailensa ya kiwandani akaweka mkebe mdogo, na bomba likaishia mbele ya tairi la nyuma. Shilingi 14,000. Nikatoka pale nikiunguruma kama trekta la miwa la Chemelil.

Haya ndiyo niliyopata. Nguvu: hakuna. Sachangwan gia ileile, mwendo uleule. Mlio: kwenye mizunguko 2,000, yaani mwendo wa barabara kuu, kuna mvumo unaingia kichwani, huwezi kuongea na aliye kiti cha nyuma. Moshi: kwa kuwa bomba liliishia chini ya gari, kila dirisha la nyuma likifunguliwa unavutwa ndani. Jumapili moja mke wangu alifika kanisani nguo zinanuka dizeli, akaniambia nichague, yeye au bomba. Na baada ya miezi mitatu, stadi (boliti) moja ya kushikilia kiwiko cha turbo ikakatika, gasketi ikaanza kupuliza, tik-tik-tik kila asubuhi.

Nimeshalirudia lote upya, na sasa liko vizuri. Nitaeleza jinsi nilivyofanya mara ya pili, ila kwanza nataka kusikia waliopita njia hii.

---

Langalanga_Boy

Pole buda, ila hapo kwa "mimi ndiye niliyesema inchi 3" nimecheka sana. Swali: bomba lenyewe lilikuwa la nini? Maana najua mafundi fulani, bomba la inchi 3 likikosekana wanapitia duka la vifaa vya maji.

---

KupandaMau

Umeotea. Lilikuwa bomba la maji, lile la zinki. Nilikuja kujua baadaye nilipoona limechubuka na bado lina maandishi ya kiwanda.

---

Langalanga_Boy

😂😂 Wa mita ya maji wakikuletea bili usishangae.

---

Fundi_Kibuye

Nicheke kidogo kisha niseme la kazi. Mimi nachomelea egzosi Kisumu, mwaka wa kumi na saba huu.

Kwanza hilo bomba la zinki. Mteja usilikubali, na wewe fundi kijana unayesoma humu usilichome. Zinki ikipata moto wa welding inatoa moshi mweupe, ukiuvuta, jioni unashikwa na homa na baridi na viungo kuuma kama una malaria. Nililala siku mbili nikiwa mwanafunzi, nikanywa dawa za malaria bure. Tena ni zito mno, raba za kuning'inizia zinakatika.

Pili, stadi yako haikukatika kwa bahati mbaya. Injini ya dizeli hutikisika. Ukiiwasha na ukiizima inajipinda kwenye maunti zake, nayo bodi haisogei. Kiwandani wanaweka kiungo cha kunyumbulika, au flanji yenye springi, ili mtikisiko uishie hapo. Fundi akiunga bomba zito moja kwa moja bila fleksi, uzito wote na mtikisiko wote unaning'inia kwenye zile stadi za turbo. Zina joto kali, zimechoka, lazima kitu kikatike. Bahati yako ilikatika stadi. Nimeona manifoldi yenyewe, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye injini, ikipasuka.

Tatu, na hili ndilo watu hawataki kusikia. Moshi ni kama watu wanaotoka kanisani. Ukipanua geti la nje mpaka ng'ombe wapite, na mlango wa kanisa ni ule wa mtu mmoja mmoja, foleni haipungui. Wewe ulipanua geti. Mlango ulibaki palepale kwenye kiwiko na lile bomba la kwanza linaloshuka kutoka turbo.

---

Wakili_wa_Dizeli

@Fundi_Kibuye sikubaliani na kitu kimoja kinachosemwa mtaani, labda unisaidie. Nimeambiwa injini inahitaji presha kidogo ya nyuma, yaani bomba liuzuie moshi kidogo, ili iwe na nguvu kwenye mizunguko ya chini. Ukifungua sana unapoteza nguvu za kupandia mlima.

---

Fundi_Kibuye

Hiyo habari inatoka kwa gari la petroli lisilo na turbo, na hata huko inaelezwa vibaya. Kule bomba jembamba kiasi linausukuma moshi kwa kasi, na ile kasi ndiyo inayosaidia silinda kujisafisha. Watu wakaigeuza wakasema presha ndiyo inayosaidia.

Kwenye turbo ni tofauti. Turbo ni gurudumu linalozungushwa na moshi. Linazunguka kwa tofauti ya presha: mbele yake kubwa, nyuma yake ndogo. Ukipunguza presha ya nyuma, tofauti inaongezeka, gurudumu linaamka mapema zaidi. Kwa hiyo baada ya turbo, kadiri moshi unavyotoka bure ndivyo vizuri. Kabla ya turbo usiguse chochote, acha manifoldi ilivyo.

---

MamaWaru

Samahani naingilia. Mimi si mtu wa kuunguruma. Nina Hilux pikapu, injini 2KD ya dizeli, lita 2.5, napeleka waru (viazi) kutoka Molo hadi Kisumu mara mbili kwa wiki. Siku hizi moshi mweusi ni mwingi na dizeli inakwisha haraka. Dereva wangu ameshawishiwa abadilishe egzosi. Itasaidia au ni pesa ya dereva na fundi kugawana?

---

Fundi_Kibuye

Mama, usitoe hata shilingi bado. Moshi mweusi maana yake ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kabla ya kuangalia kunakotokea moshi, angalia kunakoingilia hewa. Filta ya hewa kwanza. Barabara za huko Molo zina vumbi. Halafu hozi kutoka turbo mpaka inteki, pale hewa inapoingilia injini. Mwambie dereva awashe, mtu mwingine akanyage mafuta, yeye apitishe mkono polepole kuzunguka hozi na klampu zote. Kunakovuja huwa na utando wa oili iliyoshika vumbi. Hozi ikiwa na ufa wa urefu wa kidole, ile hewa turbo iliyoisukuma inaishia barabarani, injini inabaki na njaa.

Kama hapo ni pazima, basi nozeli zinazopulizia dizeli. Egzosi ni ya mwisho.

---

MamaWaru

Asante baba. Nitafanya hivyo Alhamisi gari likirudi.

---

Dkt_Gurudumu

Tukiwa kwenye hewa, watu wa bara tusisahau tuko wapi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kisumu chini kidogo, mita 1,130 hivi, kama asilimia 87. Ukielekea Eldoret kupitia Timboroa unapita mita 2,700, na hapo hewa imebaki kama asilimia 72. Turbo inafidia, lakini inafidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kizuizi ambacho mtu wa Mombasa hatakihisi maisha yake yote, sisi tunakihisi Mau Summit. Ndiyo maana simulizi za mitandao ya Australia za "niliweka bomba nikaona tofauti" au "sikuona tofauti" hazituhusu moja kwa moja.

---

KupandaMau

Ndiyo sababu niliamua kupima, kwa maana nilishalipia maneno 14,000. Sasa sehemu ya pili, ni ndefu, chukua chai.

Nilianza na vitu viwili. Cha kwanza ni geji ya joto la moshi. Waya wake unaingia kwenye manifoldi KABLA ya turbo, kwa sababu moshi ukishapita kwenye turbo umepoteza joto jingi na namba haikwambii hali ya ndani. Kutoboa manifoldi kunaogopesha kwa sababu vipande vya chuma vikiingia vinakwenda kwenye mabawa ya turbo, kwa hiyo tuliivua kabisa. Siku nzima iliisha kwenye nati nne zilizoshikana kwa kutu.

Kwa wenye 1KZ sababu ya kupima joto inajulikana. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu na kinasifika kwa kupasuka kikichemka. Na pistoni ni aluminiamu pia, kitu kinachoyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Inanusurika kwa kuwa ule moto unaigusa kwa muda mfupi tu na oili inaipoza kwa chini. Ukikaa mlimani dakika kumi na moshi wa nyuzi 700 na zaidi, unacheza na hiyo bahati.

Cha pili ni geji ya presha ya nyuma, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Haiuzwi popote hapa, tuliitengeneza. Tulitoboa tundu dogo kwenye bomba, sehemu iliyonyooka mara tu baada ya kiwiko cha turbo, tukachomelea nati juu yake. Kwenye nati tukafunga bomba jembamba la shaba, lile la fundi wa friji, mita moja na nusu, tumelizungusha mara tatu kama springi ili moshi upoe kabla haujafika kwenye geji. Mwisho wake hozi ya mpira kupitia dirishani, na geji ndogo ya kusoma hadi psi 15 (psi ni kipimo cha presha). Shemeji yangu akakaa kiti cha abiria ameishika kama bakuli la sadaka.

Tukapanda kutoka Salgaa asubuhi mapema, gia ya tatu, mguu chini, mizunguko 3,000. Sindano ikasimama kwenye psi 6, na joto la moshi likafika 710 nikaachia mguu mwenyewe.

Psi 6 na bomba la inchi 3! Nikashuka nikiwa na hasira. Tukarudi gereji, tukatoboa tundu la pili pale bomba la inchi 3 linapoanzia, yaani mita moja tu nyuma ya tundu la kwanza. Tukapanda tena. Psi 1.

Hesabu ni rahisi. Psi 5 zilikuwa zinaliwa kwenye mita moja ya bomba ambalo hakuna aliyeligusa. Tukainua gari, tukatoa lile bati la kukinga joto. Hapo ndipo shemeji alinyamaza kwanza halafu akasema, "Kuja uone." Bomba limebonyea, juu ya ule mhimili unaoshikilia giaboksi, kama chapati iliyokunjwa. Kuna siku, labda kabla gari halijawa langu, lilikaliwa na jiwe. Bati lilirudishwa mahali pake, uovu ukafichwa. Nafasi iliyobaki ya moshi kupita, kidole gumba changu kiliingia na kukwama.

Miezi yote hiyo. Na fundi wa kwanza alianza kukata sentimita 20 nyuma ya hapo.

---

Langalanga_Boy

Nimesimamisha kula. Sentimita ISHIRINI.

---

NyandoNight

Omera, hiyo "kuja uone" ya shemeji naifahamu, haijawahi kuleta habari njema.

---

KupandaMau

Naendelea. Bomba jipya tulichagua inchi 2.5 kuanzia kiwiko hadi mwisho, stenlesi mbele kwenye joto kali, chuma cha kawaida nyuma. La kiwandani kwa ndani lilikuwa kama inchi 2. Ukienda 2.5 eneo la ndani linaongezeka mara moja na nusu na zaidi kidogo. Ukienda 3 ni mara 2.25. Watu wanaona nusu inchi kama kitu kidogo, lakini eneo linakwenda kwa kipeo cha pili cha kipenyo.

Kwa nini si inchi 3? Nafasi. Kati ya bomba, propela ya mbele na mhimili wa giaboksi, inchi 3 inapita kwa kukwaruza, na ikipita karibu na bomba za breki nitakuwa nachemsha oili ya breki nikiteremka kutoka Londiani. Sikutaka.

Fleksi iliwekwa mara tu baada ya kiwiko. Sailensa ni ile ya kupita wazi, yenye bomba la matundu katikati na pamba ya moto pembeni, kisha mkebe wa pili mdogo wa kuua mvumo. Bomba limetokea nyuma kabisa ya bampa, limegeuzwa upande wa pembeni. Mke amerudi kwenye gari.

Kipimo cha mwisho, Salgaa ileile, gia ileile: psi 1.5 na joto la moshi 625. Turbo inaamka mapema, unasikia kifilimbi kwenye mizunguko 1,700 badala ya 2,000. Gari halijawa roketi. Sachangwan natumia gia ya tatu bado, ila ninapanda bila kuachia mguu na bila kuangalia sindano kama mgonjwa anayesubiri majibu. Gharama, 38,000 na geji zote.

---

Mzee_wa_Prado

Kijana, umefanya vizuri kwa kupima, lakini inchi 2.5 umejinyima. Mimi nina Prado ya injini 1KD, nimeweka 3 kuanzia turbo hadi mwisho, na hakuna kilichokwaruza.

---

KupandaMau

Shikamoo mzee. 1KD yako ina nguvu zaidi na nafasi ya bomba si sawa na yangu. Mimi nikisoma psi 1.5 mguu chini, hata nikiweka mtaro wa maji nitaokoa psi moja. Hiyo psi moja sitaihisi.

---

Mzee_wa_Prado

Marahaba. Utaihisi ukiongeza mafuta kwenye kompyuta. Bila kubadilisha programu, bomba ni nusu ya kazi.

---

KupandaMau

Kwa 1KD nakubali, mzee. Kwa 1KZ na kichwa chake, naogopa. Niliweka bomba ili joto lishuke, nikiongeza mafuta nitalirudisha palepale.

---

Mzee_wa_Prado

Haya. Tutakutana Mau Summit.

---

D4D_Kakamega

Onyo kwa wenye turbo za mapezi yanayojisogeza, kama hizo 1KD na baadhi ya 2KD. Nilipofungua bomba, turbo ikawa inapandisha presha haraka kuliko kompyuta ilivyozoea. Kila nikikanyaga ghafla kupanda kutoka Chavakali, taa ya injini inawaka na gari linapoteza nguvu, unazima na kuwasha linarudi. Nikadhani turbo imekufa. Kumbe mapezi yalikuwa yameshika masizi, yanachelewa kufunguka. Awali kizuizi cha bomba kilikuwa kinaficha ubovu. Tulifungua, tukasafisha, ikaisha. Kwa hiyo weka geji ya presha ya turbo KABLA ya kubadilisha bomba, ujue ilikuwa wapi.

---

Fundi_Kibuye

Nimeiona hiyo mara nyingi. Na zile turbo za zamani zenye kilango cha kupunguzia presha, kama ya 1KZ, hutokea pia: kilango ni kidogo, moshi sasa unapita bure, presha inapanda yenyewe mpaka kompyuta inakata mafuta. Unahisi gari limepigwa breki.

---

SkyD_Kisumu

Mimi nina CX-5 ya dizeli, lita 2.2. Taa ya kichujio cha masizi inawaka kila wiki. Gereji moja imeniambia wanitolee hicho kichujio (DPF), wakate bomba, watoe yale masega ya ndani, wachome tena, halafu "wadanganye" kompyuta. Wanasema nguvu zitaongezeka. Nafanya?

---

Dkt_Gurudumu

Unaendesha wapi na kwa muda gani?

---

SkyD_Kisumu

Milimani hadi mjini, watoto shule, nyumbani. Labda kilomita 8 kwa siku.

---

Dkt_Gurudumu

Basi gari halina ugonjwa. Kichujio kile hukusanya masizi, kikijaa kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili moshi upande joto hadi nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo usiokatizwa, dakika 15 au 20. Wewe kila mara unaizima ikiwa katikati. Dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili. Nenda sasa hivi uchomoe kijiti cha oili. Cha Mazda hiyo kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikikaribia X, ibadilishe leo hii, usisubiri kilomita, kwa sababu hiyo ni oili iliyochanganyika na dizeli na haishiki beringi.

Halafu Jumamosi chukua barabara ya Busia, nenda hadi Maseno na urudi, gia ya chini kidogo, mizunguko zaidi ya 2,000. Fanya hivyo kila wiki.

Kuhusu kukata: injini hiyo ina turbo mbili, sensa za presha na joto mbele na nyuma ya kichujio. Ukitoa masega bila programu sahihi, gari linaingia hali ya dharura. Ukitoa na programu, moshi wote ule unaachiwa mtoto wa boda aliye nyuma yako. Na ukitaka kuuza, mnunuzi mwenye macho ataingiza kidole kwenye bomba la nyuma. Kwenye gari lenye kichujio kizima kidole kinatoka karibu safi.

---

SkyD_Kisumu

Nimetoka kuchomoa kijiti. Imepita X. Mungu wangu.

---

Dkt_Gurudumu

Usiiwashe. Oili na filta kesho asubuhi, fundi aje nyumbani.

---

Langalanga_Boy

Narudi kwa mambo ya kelele. Mimi napenda kusikia gari. Askari watanifanya nini?

---

Wakili_wa_Dizeli

Kisheria gari linatakiwa kuwa na sailensa inayofanya kazi, iko chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Juu yake kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Na bima: ukibadilisha gari bila kuwaambia, siku ya ajali unawapa pa kuanzia mabishano. Mimi naandika barua fupi kila nikibadilisha kitu, naibakisha nakala.

---

NyandoNight

Mimi niongeze la kwetu tu. Mnaopitia Ahero msimu wa mvua, Nyando ikifurika maji yanakaa barabarani. Msiiteremshe egzosi chini ya mahali ile ya kiwandani ilipokuwa. Na ukiingia majini usizime injini na usiachie mafuta. Jirani yangu alizima katikati, bomba likanywa maji kama mrija, gari likavutwa na punda. Punda wawili.

---

MamaWaru

Nimerudi kutoa ripoti. Filta ya hewa ilikuwa nyeusi, na hozi chini ya klampu ilikuwa na ufa, ule ule wa kidole alioniambia Fundi wa Kibuye, umefunikwa na oili na vumbi. Tumebadilisha vyote, 4,600. Jana gari limepanda na gunia 22, moshi umepungua kabisa. Dereva amenuna kidogo. Egzosi imebaki palepale.

Baba wa Kibuye, nikija Kisumu nitakuletea debe la waru.

---

Fundi_Kibuye

Asante sana mama. Nyumba yangu ina watu tisa, debe halitalala.

---

D4D_Kakamega

@KupandaMau ile geji yako ya bomba la friji, nati ilikuwa saizi gani, na je, tundu unaliacha wazi ukimaliza?

---

KupandaMau

Nati ya boliti ya 10. Tundu lenyewe ndani milimita 4 zinatosha. Ukimaliza unafunga kwa boliti fupi, lakini ipake grisi ya shaba, la sivyo mwakani utaikata na grainda. Na shaba usiipitishe karibu na hozi ya mafuta.

Jumamosi niko Kisumu kwa wazazi. Geji ninayo kwenye buti. Ukitaka tupime ya kwako tupande hadi Kericho na kurudi, dizeli juu yako.

---

D4D_Kakamega

Saa nne Kibuye, kwa Fundi. Mwambie shemeji aje, nani mwingine atashika bakuli?